Kompyuta Isahihishe au Isiguse? Mjadala wa Katoro

Ukitoka Geita mjini kwa barabara iendayo Bwanga na Biharamulo unafika Katoro, na kabla hujajua kwamba umeumaliza mji, tayari uko Buseresere, wilaya ya Chato. Ni mji wa biashara uliokuzwa na dhahabu. Watu wa machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko huja hapa kununua kamba, mbao za matimba na chakula. Wakikubaliana jambo la fedha, hutafuta kibanda cha steshenari ili makubaliano yakae kwenye karatasi. Ndani ya kibanda mna kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na mtu mmoja anayechapa haraka huku wateja wamesimama begani mwake.

Kompyuta hiyo huwa ina mpangilio wa kurekebisha maandishi yenyewe. Ukiweka nukta, herufi inayofuata inakuwa kubwa. Ukiandika 1 na nukta mwanzoni mwa mstari, inaanza kuhesabu kwa niaba yako. Ukifungua alama za usemi, inazipinda. Je, mpangilio huo uachwe ufanye kazi au uzimwe? Nimezipa nafasi sauti nne: mchapaji, fundi wa kompyuta, mwalimu wa Kiswahili na mwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Hazina majina kwa kuwa nimezitunga kutokana na kazi hizo, wala hazimsemi mtu fulani. Pale nitakapoona upande mmoja umezidiwa bila haki, nitaingilia.

MCHAPAJI: Jamani, kabla hamjazima chochote, nisikilizeni mimi ninayekaa kwenye hicho kiti. Wa kwanza anataka barua ya kuomba kazi, bodaboda inamngoja nje. Wa pili anauza kiwanja na shahidi wake ana haraka. Wa tatu ana mkataba wa duara, kurasa nne, ulioandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mwanafunzi, mistari imepandana. Kompyuta ikiniwekea herufi kubwa baada ya nukta, kidole changu kimepumzika. Ikigundua kwamba nimebonyeza herufi kubwa mbili mwanzoni mwa neno, inairudisha ya pili kuwa ndogo. Mkiniondolea hayo yote mtanirudisha kwenye taipureta, na mteja hatakubali kunilipa kwa muda wa taipureta.

FUNDI: Dada, hakuna anayetaka kukurudisha huko. Lakini niambie, mteja anapokuletea mkataba, nani anaamua kila herufi itakayokuwa ndani yake?

MCHAPAJI: Yeye. Mimi naandika anachosema.

FUNDI: Basi kuna wa tatu mnayemsahau. Andika hapa: "kama ilivyoelezwa kwenye kifungu cha 4(c)."

Anaandika. Alipofunga mabano, skrini ikaonyesha "kifungu cha 4©". Herufi ya tatu ya kifungu imegeuka alama ya hakimiliki. Programu ya kuandikia, Word, imeagizwa kubadilisha hivyo kila inapokuta c ndani ya mabano. Inafanya vivyo hivyo kwa r, ambayo huwa alama ya nembo iliyosajiliwa, na matoleo mengine hugeuza e kuwa alama ya yuro. Mkataba wenye vifungu vidogo vya (a) hadi (e) unaweza kuwa na mitego miwili ndani yake kabla haujafika kwenye hoja yoyote ya maana.

MCHAPAJI: Hilo nalijua. Nabonyeza Ctrl na Z, inarudi.

FUNDI: Inarudi ukiiona. Na ni kweli, Ctrl na Z ukiibonyeza palepale inafuta kile kompyuta ilichofanya na kukuachia ulichoandika wewe, jambo ambalo wachapaji wengi hawalijui na wanafuta neno zima. Ila saa kumi jioni, ukiwa kwenye ukurasa wa nne, unatazama daftari la mteja au skrini?

MCHAPAJI: Daftari.

MWENYE DUARA: Nami niko nyuma yako natazama vidole vyako. Nikipewa karatasi naangalia jina langu, kiasi cha fedha na mgawo wa mawe. Hizo nukta na mabano sizifuatilii. Sasa mnaniambia kuna kitu kinachoandika ambacho hakikukaa nasi tulipokubaliana?

MWALIMU: Mzee, hakikukaa nasi hata kidogo. Kilitengenezwa Marekani, kwa makosa ya Kiingereza. Microsoft ilipotoa Word 6 mwaka 1993, masahihisho ya moja kwa moja yalikuwa ndani yake, na anayetajwa kuyaanzisha ni Dean Hachamovitch. Mwanzo wake ulikuwa mdogo: watu wanaochapa Kiingereza kwa haraka hupindua herufi za neno "the" wakaandika "teh", na kosa hilo halina maana nyingine, kwa hiyo linaweza kurekebishwa bila kuuliza. Wazo zuri sana kwa lugha ile. Baadaye orodha ikarefuka, na kwenye orodha hiyo yakaingia mambo yasiyo makosa, kama hilo la mabano. Mtu anayeandika (c) hajakosea popote.

Hapo mwalimu ametaja mpaka ambao mimi ningeusimamia hadi mwisho wa mjadala huu. Kidole kuteleza ni jambo moja, uamuzi wa mwandishi ni jambo jingine. Mashine inayofahamu kwamba kidole kimeteleza inamsaidia mtu. Mashine inayobadilisha alichokusudia, hata kwa nia ya kupendezesha, inaandika juu ya kauli ya mtu. Kwenye barua ya mapenzi madhara yake ni madogo. Katoro inachapisha karatasi za kugawana mali.

MCHAPAJI: Mwalimu, unasema kama vile mimi ni mtumwa wa orodha ya Marekani. Mimi nina orodha yangu. Nimeingia mwenyewe kwenye dirisha la masahihisho nikaongeza vifupisho. Nikiandika "mkd" na kubonyeza nafasi, inatoka "Mkataba wa Kuendesha Duara". Nikiandika "nyh", inatoka "Nyang'hwale". Kifungu kizima cha mashahidi nakipata kwa herufi tatu. Huko siko kuandikiwa, ni kujiandikia.

MWALIMU: Hapo umenishinda, nakiri wazi. Na historia iko upande wako, maana masahihisho yale yalitokana na vifupisho vya namna hiyo hiyo: mtu anahifadhi maneno, anayaita kwa herufi chache.

MWENYE DUARA: Mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Dada, una kifupisho cha mgawo wa mawe?

MCHAPAJI: Ninacho.

MWENYE DUARA: Kinasemaje?

MCHAPAJI: "Katika kila mifuko mia moja ya mawe, mwenye leseni atachukua mifuko thelathini." Mikataba mingi ninayochapa inasema hivyo.

MWENYE DUARA: Na huu wa kwangu leo tumekubaliana ishirini na tano.

Pakawa kimya kidogo, na nadhani kila mmoja aliona kilichotaka kutokea. Mwenye duara ni mtu aliyechimba shimo kwa fedha zake au za mfadhili, juu ya eneo ambalo leseni yake ni ya mtu mwingine. Leseni ndogo ya uchimbaji chini ya Sheria ya Madini hudumu miaka saba, na katika miaka hiyo mwenye leseni anaweza kuwa na maduara mengi, kila moja na makubaliano yake. Mifuko mitano katika mia inaonekana midogo mpaka duara likutane na mwamba wenye dhahabu. Makubaliano kama hayo ndiyo yanayozaa ugomvi machimboni, na karatasi ndiyo inayotakiwa kuumaliza.

MCHAPAJI: Ningeisoma kabla ya kuprinti.

MWENYE DUARA: Sikatai. Lakini ungesoma kitu ambacho mkono wako haukukiandika, na jicho hupita haraka juu ya maneno linayoyajua.

FUNDI: Suluhisho la hilo ni rahisi. Kifupisho kiwe na pengo. Badala ya "thelathini" weka vistari, ili kompyuta ikuletee kifungu chenye nafasi tupu, na lazima usimame uulize ni mingapi. Vifupisho viwe vya maneno yasiyobadilika: majina ya mahali, vichwa vya barua, kiapo. Namba zote ziandikwe kwa mkono, kila mara.

MCHAPAJI: Hilo nalikubali. Nitaliweka leo.

MWALIMU: Basi tuzungumzie namba, maana mimi nina kesi nyingine. Ukiandika 1/2, Word inaibana inakuwa ½. 1/4 inakuwa ¼, na 3/4 inakuwa ¾. Andika 1/3.

MCHAPAJI: Imebaki vilevile.

MWALIMU: Imebaki. Kwa hiyo ndugu watatu wakigawana mali ya marehemu baba yao, mmoja akapewa nusu na wengine robo robo, karatasi inapendeza. Wakigawana sawasawa, theluthi kwa kila mmoja, maandishi yanabadilika sura. Na kwenye fotokopi ya fotokopi, hiyo ¼ ndogo inasomeka vizuri?

FUNDI: Haisomeki. Robo na nusu zinafanana kama mapacha.

MWALIMU: Nami nasema, kwenye mkataba andika "robo", kisha kwenye mabano 1/4, na huko kubana kuzimwe.

Sitakaa sana hapo, wala kwenye alama za usemi zilizopindwa au kwenye anwani za barua pepe zinazogeuka buluu na kupigiwa mstari. Hayo ni ya sura, na kila mtu achague. Suala la namba za vifungu ni zito zaidi, na nashangaa kwamba mijadala ya kompyuta huwa hailigusi.

FUNDI: Hili ndilo nililolijia. Mkataba una vifungu kumi na viwili. Dada aliandika 1 na nukta, kompyuta ikachukua hesabu, ikaendelea yenyewe mpaka 12. Kifungu cha 9 kinasema: "Mgawo utafuata viwango vilivyotajwa kwenye kifungu cha 4." Baada ya kusoma, mfadhili anasema, "Hatujaandika habari ya vifaa, ongeza baada ya kifungu cha pili." Dada anaongeza. Nini kinatokea?

MCHAPAJI: Namba zinajisogeza. Kilichokuwa cha 3 kinakuwa cha 4, cha 4 kinakuwa cha 5. Huo ndio uzuri wake.

FUNDI: Na yale maneno "kifungu cha 4" yaliyo ndani ya sentensi?

MCHAPAJI: ...Hayo niliyaandika mwenyewe. Hayasogei.

FUNDI: Kwa hiyo mgawo wa mawe sasa unafuata viwango vya kifungu cha 4, na kifungu cha 4 kinahusu ulinzi wa duara usiku.

MWENYE DUARA: Na nimeshatia dole gumba.

FUNDI: Umeshatia. Mkataba unaendelea kuonekana mzuri, namba zimepangika kwa unyoofu, hakuna mstari mwekundu unaokuonya. Kosa halina rangi.

MCHAPAJI: Na dawa?

FUNDI: Zipo mbili. Ya kwanza ni kuiachia kompyuta kazi yote, isifanye nusu. Usiandike "4" kwa mkono ndani ya sentensi. Ingia kwenye menyu ya marejeo, chagua kifungu unachokitaja, kompyuta iweke namba yenyewe. Ukimaliza kuhariri, chagua waraka wote kwa Ctrl na A, bonyeza F9, marejeo yote yanajirekebisha. Ya pili ni kuzima hesabu ya moja kwa moja na kuandika kila namba kwa kidole. Ukiongeza kifungu, utarekebisha namba zote kwa mkono. Utachukia, lakini utapita juu ya kila kifungu kwa macho yako, na ukifika cha 9 utakutana na "kifungu cha 4".

MWALIMU: Mimi naipenda ya kwanza. Ndiyo elimu yenyewe. Vijana wafundishwe.

MCHAPAJI: Mwalimu, umewahi kuona mtu akifanya hayo na wateja watatu mlangoni?

Mimi nakaa upande wa mchapaji, na kwa mkataba wa kurasa chache naichagua ya pili bila kusita. Waraka wa kurasa mia mbili unahitaji marejeo yanayojirekebisha, na anayeuandika ana wiki nzima. Mkataba wa duara una dakika thelathini. Kwa muda huo, njia iliyo salama ni ile inayomlazimisha mtu kupita kila kifungu. Ninajua fundi ataona ni kurudi nyuma. Lakini mpangilio unaofanya kazi nusu tu, ukasogeza namba za pembeni na kuziacha za ndani, ni mbaya kuliko mipangilio yote miwili iliyo kamili.

MWALIMU: Sasa nami nina langu, linahusu jina la wilaya jirani. Andika Nyang'hwale.

MCHAPAJI: Natumia kifupisho changu.

MWALIMU: Usitumie. Andika kwa herufi.

Anaandika. Ritifaa imepinda, kama mkia mdogo juu ya mstari.

MWALIMU: Sasa iandike kwenye Excel. Umeona? Imenyooka. Kwetu ni alama moja, ya sauti moja, ile ya ng'ombe na ya majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w. Kwa kompyuta ni alama mbili zisizo na undugu: iliyonyooka ina namba 39, iliyopinda ina namba 8217. Kikundi cha wachimbaji kikiandikisha wanachama, nusu ya orodha ikachapwa kwenye Word na kunakiliwa, nusu ikachapwa moja kwa moja kwenye Excel, utakapochuja kwa jina la wilaya utaletewa Nyang'hwale mbili, na kila moja na watu wake. Mtu mmoja mwenye jina la Ng'w anaweza kuhesabiwa wawili. Au asionekane.

FUNDI: Hii ni kweli, na mwenyewe nilikuwa naitafuta kwenye kasoro za mafaili nikidhani ni nafasi zilizozidi.

MWALIMU: Kwa lugha nyingine hiyo ni pambo la uchapaji. Kwetu ritifaa ni sehemu ya tahajia. Ondoa ritifaa na sauti imebadilika. Ndiyo maana nasema kupinda alama kuzimwe, angalau kwenye kila kompyuta inayoandika majina ya watu wa kanda hii.

MCHAPAJI: Mwalimu, mbona wewe unayetetea sana utaratibu leo unazima kila kitu? Si ninyi mnaotufundisha kwamba Kiswahili sanifu kilipangwa na kamati?

MWALIMU: Kilipangwa, na nitajibu kwa unyoofu. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, kisha mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikapanga tahajia, na watu wa Mombasa na wengine hawakufurahi wote. Nao walirekebishiwa maneno yao. Lakini kamati ilikuwa na anwani. Uliweza kuiandikia barua, ukabishana. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina ofisi hadi leo. Orodha iliyomo ndani ya programu haina ofisi Dodoma wala Dar es Salaam. Mlango wake pekee ni lile dirisha la mipangilio, na watu wetu hawalifungui kwa sababu hakuna aliyewaambia lipo.

FUNDI: Na wapo waliojaribu kututengenezea la kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Jason Githeko, mtaalamu wa Kenya, akashughulikia ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili. Kazi ile ni ngumu kuliko ya Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja kinabeba sentensi: hawakutulipa, tusipolipana, aliowalipa, tutakapowalipa. Huwezi kuorodhesha yote. Lazima uifundishe kompyuta namna neno linavyojengwa.

MCHAPAJI: Ndiyo maana kwangu ukurasa mzima ni mwekundu.

FUNDI: Ni mwekundu kwa sababu kompyuta yako inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Chagua waraka wote, uiambie lugha ni Kiswahili. Orodha ya makosa ya Kiingereza haitakugusa tena, kwa kuwa kila lugha ina orodha yake. Ila usidanganyike: ile ya mabano kugeuka hakimiliki iko kwenye orodha ya lugha zote. Hiyo uifute yenyewe, mstari wake.

MWALIMU: Na herufi kubwa baada ya nukta?

FUNDI: Ibaki, lakini na orodha ya vizuizi. Ukiandika "Na. ya leseni" inakupa "Na. Ya leseni". Ukiandika "taz. kifungu" inakupa "taz. Kifungu". Kuna ukurasa wa kuandika vifupisho visivyomaliza sentensi. Weka "na.", weka "taz.", weka vyote unavyovitumia. Ukiweka mara moja umemaliza.

MWENYE DUARA: Mmesema mengi, nami nimeyafuata kadiri nilivyoweza. Nina swali la mtu asiyekaa kwenye kompyuta. Tangu mwaka 2021 sheria imesema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kwa hiyo karatasi hii ya Kiswahili ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu, neno kwa neno, bila tafsiri ya kuipoza. Ikikutwa imeandika ambacho hatukukubaliana, ataulizwa nani? Mimi niliyetia dole gumba, au dada aliyechapa?

MCHAPAJI: Utaulizwa wewe, mzee.

MWENYE DUARA: Basi nataka mambo mawili. Kwanza, kompyuta ya kuandikia mikataba isibadilishe alama wala namba. Herufi kubwa iweke, herufi mbili zilizobonyezwa pamoja irekebishe, hayo sina ugomvi nayo. Pili, kabla sijatia dole nisomewe karatasi iliyotoka kwenye printa. Isiwe daftari langu wala skrini. Nisomewe kwa sauti, na kila panapotajwa kifungu kingine, turudi kwenye kifungu hicho tukisome tena.

MCHAPAJI: Kurasa nne, mzee? Foleni itafika barabarani.

MWENYE DUARA: Nitalipia huo muda.

MCHAPAJI: Wewe utalipia. Mfadhili wako, aliyetoka Mwanza na gari linanguruma, atalipia?

FUNDI: Ndiyo sababu dirisha lile lifunguliwe asubuhi kabla ya wateja, dada. Ukishazima ya mabano, ya sehemu za namba, ya kupinda alama na ya kuhesabu vifungu, kilichobaki cha kusoma ni kile mlichoandika ninyi wenyewe. Kusoma huko ni kufupi zaidi.

MCHAPAJI: Kesho uje saa moja. Vifupisho vyangu usiviguse.